Mahali Aliposimama Yunis

Alhamisi ni siku ya gulio Lushoto, na gulioni mtu hufuata karoti akakutana na yaliyomkimbiza. Zabron aliteremka kwenye lori analomwendeshea tajiri apate chai ya moto tu, koti la ngozi begani kama watu wa mjini wavaavyo, mara akaitwa na sauti kutoka nyuma ya kapu la peasi.

"Karibu peasi, kaka! Za Kwai hizi, zimeivia mtini."

Akageuka. Sweta la kijani lililotoboka kiwiko, kitenge cha njano, buti za mvua zenye tope bichi. Na macho ni yale yale.

"Yunis."

"Onga mshi, Zabron." Alimsalimu Kishambaa, kwa utulivu, kana kwamba waliagana jana. "Umenenepa. Dar inalisha."

"Mtoto yuko wapi?"

Yunis alichukua peasi moja, akaifuta kwa upindo wa kitenge. "Nilimwita Heri. Aliishi miezi mitatu. Kifua kilimbana wakati wa baridi."

Zabron hakuwahi kujua, na hakuwahi kuuliza. Miaka saba nyuma Yunis alipopata mimba nje ya ndoa, usharika ulimtenga na Meza ya Bwana, kama ilivyo desturi. Ili arudi kundini ilimbidi asimame mbele ya kanisa zima atubu. Alisimama peke yake, tumbo limemtangulia. Mchungaji akauliza kama mwenzake yumo. Zabron alikuwemo: safu ya nyuma ya kwaya, upande wa besi, joho limepigwa pasi, anatazama viatu vyake. Yunis hakumtaja. Kwaya ikaimba, naye Zabron akaimba, tena kwa sauti. Akapokea mkate na divai kama mtakatifu. Jumatatu akapanda basi la Dar, na tangu siku hiyo hakuisogelea tena Meza ya Bwana.

Sasa akaomba likizo kwa tajiri wake, akanunua jembe. Kila asubuhi alipanda mlima hadi Kwai kwenye shamba la Yunis, akafufua matuta yaliyobomoka, akabeba samadi mgongoni mpaka koti la ngozi likanuka zizi. Jioni simu ililia, ni Yunis.

"Wewe besi, jembe umeliacha mvuani. Ndivyo mnavyolima Dar?"

"Nisamehe, mpenzi."

"Mpenzi wa nani? Kesho uje na chumvi."

Naye alikwenda na chumvi, na moyo ukaanza kuota majani. Maskini, alidhani anakaribia kumaliza.

Wiki ya tatu Yunis alimkuta akichimba huku mvua inanyesha, viganja vinavuja damu.

"Zabron, unatafuta nini humu?"

"Nikimaliza tuta hili la mwisho, labda utaweza kunisamehe."

Uso wa Yunis ulibadilika. "Chimba Usambara yote mpaka Mtae, Heri haamki. Acha jembe. Nenda nyumbani."

Alikwenda. Akazima simu, akajifungia kwenye chumba cha wageni karibu na stendi, ukungu unapita dirishani, chai inapoa bila kuguswa. Alijiona hafai kwa mtu wala kwa Mungu, na kusema kweli hakuwa anajisingizia. Hapakuwa na tuta la kufuta kosa lile. Alilia mpaka akachoka kulia.

Jumapili alikwenda kwa mchungaji kabla ya ibada. Hakuomba arudishwe kundini. Alitaka lisemwe tu, kisha aondoke milima hii asirudi tena.

Akasimama mbele, pale pale aliposimama Yunis. Hakujua kama kanisa ni pana kiasi kile. "Yule mwenzake aliyetafutwa siku ile," alisema, "ni mimi. Nilikuwa kwenye kwaya. Na mtoto akafa sipo." Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Mama mmoja akageuzia uso ukutani. Zabron akangoja hukumu, akiiona ni haki yake.

Kisha zikasikika buti za mvua, taratibu, kutoka nyuma.

Mzee wa kanisa, Sefania, akainuka nusu. "Binti, wewe ulisharudi kundini. Kaa."

"Shikamoo, baba. Najua." Yunis akamfikia Zabron, akamgusa kwa kiwiko kile kilichotoboka. "Sogea kidogo."

Akasimama naye, bega kwa bega, mbele ya macho yote yale, mpaka sala ya kumrudisha kundini ikaisha. Mkate ulipoletwa, Zabron hakuthubutu kuupokea, mchungaji akamtia mdomoni kama mtoto.

Nje, chini ya mti wa mvinje, alishindwa kumtazama. "Ulinifukuza."

"Nilikwambia uache jembe. Nilikwambia uzime simu?"

"Yunis, sikustahili. Hata kidogo."

"Hukustahili," alisema, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza. "Lakini siku ile, Zabron, nilitamani mtu mmoja tu asimame na mimi. Mmoja tu. Najua pale mbele palivyo na baridi."

Yunis akafuta uso kwa kitenge, akampa kapu alibebe.

"Twende nikakuonyeshe alipolazwa mwanao."

Akalibeba kapu, akamfuata. Kama angekubali kuolewa naye hakuthubutu kuuliza, na njia nzima Yunis hakumwambia.