Mafuta ya Bi Harusi

Jamani wazazi, sogeeni karibu. Jambo hili linatuhusu sote tunaowatuma watoto kuuza na kuwafundisha maneno ya kusema wakifika huko.

Jumamosi moja, nyuma ya madrasa huko Msambweni, watoto wa kikundi cha biashara walikuwa katika raha yao. Walikuna nazi, wakakamua tui, wakalichemsha mpaka mafuta yakajitenga, kisha wakatia asumini. Walikuwa wakichangisha fedha za tangi la maji, na mlezi wao, Maalim Swabir, aliwawekea sharti: humo yasitiwe mafuta mengine yoyote. Mwanasha alipokuja kumchukua bintiye Muhsina, msimamizi wa mauzo, alijivunia mtoto wake waziwazi.

Basi ikaja oda ya Twaiba, bi harusi mtarajiwa. Nazi zikawa haba, na Muhsina akarudi nyumbani uso umemshuka.

"Mama, mafuta hayafiki hata nusu ya tuliyoahidi. Maalim akijua, atasema twende tukawaambie kina Twaiba."

"Mkawaambie nini? Wakanunue kwengine?"

Mwanasha aliuza samaki wa kukaanga kando ya barabara, na kwa maneno yake angeweza kumuuzia mvuvi samaki. Alichukua mafuta ya kukaangia yaliyobaki karaini, akayachuja kwa kitambaa, akayachanganya na yale ya nazi, akaongeza asumini tele.

"Nusa. Wasikia harufu gani?"

"Asumini."

"Basi. Hiyo ndiyo biashara, mwanangu. Wewe nyamaza tu."

Msimwonee, hakuwa na nia mbaya. Alitaka mwanawe asiaibike.

Twaiba alipakwa mafuta yale akiwa amewekwa ndani, kama ilivyo desturi ya bi harusi, siku chache kabla ya harusi. Joto likapanda, asumini ikaruka, samaki akabaki. Shangazi zake wakaulizana ni nani aliyeingiza nguru chumbani. Paka akajilaza mlangoni, akifukuzwa anarudi. Chekeni mkitaka, lakini Twaiba alilia mpaka macho yakavimba, na harusi ni moja.

Bi Subira, somo aliyekabidhiwa kumtengeneza bi harusi, alifika madrasani na chupa mkononi. Watoto wakaitwa, na wazazi waliokuwa karibu wakasogea, Mwanasha akiwemo.

"Muhsina," Maalim aliuliza, "humu mmetia nini?"

Mwanasha alidhani mtoto atalia na kumtaja. Lakini Muhsina aliinua uso, akatabasamu.

"Wallahi Maalim, ni nazi tupu. Labda chupa yao ndiyo iliyokuwa chafu."

Lilikuwa tabasamu la Mwanasha mwenyewe, lile la kwenye meza ya samaki. Sauti haikutetereka hata kidogo. Maalim aliamini, na watoto wakaanza kumtetea mwenzao. Mwanasha angenyamaza, mambo yangekwisha pale pale. Lakini alishikwa na hofu ambayo hajawahi kuijua, kwa sababu aliona kwamba mtoto ameweza kudanganya kama yeye.

"Anadanganya," akasema. "Nami ndiye niliyemfundisha. Nimetia mafuta niliyokaangia samaki wangu."

Hapo ndipo Muhsina alipolia. "Mama, nami nishaapa! Itakuwaje?"

Mwanasha alimvuta mtoto kifuani, akalia naye.

"Kiapo cha uwongo kina toba yake kwa Mwenyezi Mungu," Maalim alisema polepole. "Lakini Twaiba naye ana haki yake. Kamwombeni radhi. Na fedha zake tutazirudisha, tangi lingoje."

Mama na binti wakafuatana na Bi Subira hadi nyumbani kwa kina Twaiba. Bi harusi hakutaka hata kuwageukia.

"Radhi ya mdomo tumeisikia," Bi Subira alisema, akiwaonyesha mbuzi ya kukunia nazi. "Kaeni pale mkune, sote tukiwaona."

Mama alikuna, binti akakamua. Tui lilichemka huku shangazi wakiwakodolea macho. Mafuta yalipotoka, Twaiba alikuja mwenyewe, akachovya kidole, akanusa.

"Muhsina, ni nazi tupu haya?"

Mtoto alimtazama mamake. Mwanasha hakumwambia neno.

"Ni nazi tupu, dada Twaiba. Lakini yameungua kidogo. Nilichelewa kuyaepua."

Twaiba akacheka, akanyoosha mkono apakwe.

FUNZO

Wazazi, kikundi peke yake hakitoshi kumfunza mtoto biashara. Maalim atahangaika naye Jumamosi nzima, nasi tukayabomoa yote jikoni kwa neno moja tu: nyamaza. Mtoto tunayemtuma amdanganye mteja hatatusaza sisi. Atatudanganya kwa uso ule ule mkunjufu, nasi tutamwamini. Tuwafundishe kutafuta riziki, naam, lakini kwanza tuwafundishe kusema "hayakutosha" bila kuona haya.