Jina Nene Ukutani Kibondo

Pasikali alikuwa juu ya ngazi pale stendi ya Kasulu, anachora jina la duka la simu, tone la rangi nyekundu likamdondokea Jeanne, aliyekuwa akipita chini, kwenye gauni lake la njano.

"Kaka, hili gauni jipya."

"Sasa ndiyo limekuwa jipya. Mwanzo lilikuwa la njano tu."

Jeanne alitaka kukasirika, akashindwa. Akainua macho. Herufi zilikuwa nene, za kizamani, kama za mabango ya baa enzi za baba zetu, na kila moja ina kivuli cheusi ubavuni, mpaka unaona ukinyoosha mkono utaibeba kama mkate.

"Jina langu utaweza, kwenye saluni yangu?"

"Nionyeshe hiyo saluni nikunenepeshee."

Akalinenepesha kweli. JEANNE, kivuli mara mbili, bluu na cheusi. "Kivuli hiki nakuwekea wewe tu, mpenzi," alisema, na Jeanne akaamini. Wakawa wanapigiana simu hata wakiwa mtaa mmoja. Kilichobaki ni Pasikali kumpeleka Kibondo kwa mama yake.

Kibondo Jeanne akatangulia mwenyewe, kusuka bibi harusi. Anashuka tu kwenye basi, ukuta wa mgahawa ukamkodolea macho: ININAHAZWE. Nene, nyekundu. Kivuli mara tatu.

Akapiga simu hapohapo.

"Pasikali, Ininahazwe ni nani?"

"Ee, umemwona? Huyo ndiye mwanamke wangu wa kwanza. Nampenda mpaka leo."

Simu ikakatwa. Pasikali akacheka, akapiga, haipatikani. Akapiga tena. Mzaha ukamtokea puani, akaacha rangi wazi, akakimbilia mabasi.

Huku Jeanne ameshaamua kumwacha. Ila kwanza auone huo uso. Akaingia mgahawani, mkoba begani.

"Namtaka Ininahazwe."

Mama mmoja wa kitenge kilichofifia akaacha kukanda unga. "Jina hilo umelitoa wapi, mwana wanje, mwanangu? Toka nimzae Pasikali mimi ni Mama Pasikali tu. Hata padri ananiita hivyo. Juzi mwanangu kanichorea jina langu, basi kazi yangu kutoka nje kulitazama."

Jeanne akaketi, akacheka mpaka machozi. Huku nani anauliza jina la mama wa mtu?

Akamweleza mama yeye ni nani, akanawa, akashika chapati, ndipo akawasha simu. Ikaita papo hapo.

"Jeanne, mpenzi, nilikutania, yule ni mama ya..."

"Najua. Niko naye, nasukuma chapati."

Upande wa pili ikasikika pumzi ndefu. "Afadhali. Nilijua nimekupoteza. Nipo stendi nakata tiketi. Nilitaka nikulete mwenyewe, nikuulize mbele yake."

"Si uulize sasa."

"Kwenye simu?"

Mama akaichukua simu kwa vidole vya unga.

"Uliza, baba. Mimi Ininahazwe nasikiliza."