Gari Lisilobeba Dagaa

Saa moja na nusu asubuhi, gari la Elias lilikutwa limeegeshwa peke yake kwenye gati la kivuko cha Kamanga, upande wa Mwanza mjini. Milango ilikuwa imefungwa, vioo vimepandishwa, na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na doa la damu. Elias mwenyewe hakuonekana. Jana mchana aliaga kwamba anakwenda kulionyesha gari hilo kwa mnunuzi, na tangu hapo simu yake haikupatikana.

Mkewe, Modesta, alifika na ufunguo wa akiba. Alikuwa mjamzito, na ufunguo ulimponyoka kabla hajaufikisha mlangoni.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Inspekta Wilhelmina Luhende, mama mwenye mwili mkubwa na subira ndogo. Aliokota ufunguo mwenyewe.

Mlango ulipofunguliwa, harufu ya dagaa iliwapiga usoni. Modesta aligeuka akatapika.

"Mlikuwa mnabebea dagaa?"

"Hata siku moja! Elias alimkatalia hata mama yake mzazi. Na jana asubuhi alinipeleka kazini Butimba kwa gari hili, mvua inanyesha, vioo tumefunga. Mimba hii ikisikia dagaa tu ni kutapika. Sikusikia kitu." Akaanza kulia. "Afande, wamemtupa ziwani?"

Wilhelmina naye alikuwa anayaogopa maji yale. Alilifunga gari na kuwasogeza watu mbali.

Mnunuzi alikuwa Okomo, mwenye mitumbwi ya dagaa kutoka Mara. Alipoletwa, shati lake lenyewe lilimshitaki kwa harufu.

"Wewe ndiye uliyekutana na Elias jana?"

"Ndiyo. Saa nane, Butimba. Dalali Mayala ndiye alitukutanisha."

"Gari lina damu na linanuka dagaa. Na wewe ni mtu wa dagaa."

Okomo alilivuta shati lake. "Afande, mimi nanuka hivi kila siku, ndiyo maana nataka gari safi la kumpeleka mama watoto kanisani. Nilinusa kwanza. Lilikuwa safi. Nikasema narudi leo na fundi, nikawaacha Elias na dalali pale."

Hapo hakukuwa na la kushangaza. Mwanza, mnunuzi wa gari hutanguliza pua, injini baadaye. Gari likishabeba dagaa, hata ulioshe kwa sabuni ya harusi, bei yake imekwisha kuzama. Lakini maneno ya Okomo hayakuwa na shahidi, na askari mmoja alikuwa tayari ameshatoa pingu.

"Subiri," alisema Wilhelmina. "Niitieni dalali."

Mayala alikuja haraka, amevaa vizuri, akampa Modesta pole ndefu. Walisimama mbali na gari.

"Mara ya mwisho uliliona lini gari hili?"

"Jana Butimba, afande. Niliwaacha yeye na huyu Okomo wakigombana."

"Kisa?"

Dalali hakosi neno. "Harufu. Huyu alinusa, akasema linanuka dagaa, akataka punguzo. Elias akawaka. Hata mimi nilisikia, ile harufu ilikuwa kali."

Modesta alinyanyua kichwa. Kilio kilimkatika.

"Bwana Mayala," Wilhelmina alisema polepole, "asubuhi mama huyu, mwenye mimba isiyovumilia dagaa, alipanda gari hilo na vioo vimefungwa, akafika kazini salama. Harufu imeingia baadaye. Okomo anasema lilikuwa safi, na yeye ndiye angefaidika kulisema linanuka. Wewe uliijuaje harufu ya gari ambalo hujalikaribia tangu hapo?"

Mayala alirudi nyuma hatua moja, akagota kwa askari.

"Dagaa wa nani uliowapakia?"

"Nilimfunika tu," alinong'ona. "Magunia ya shemeji yangu. Ili watu wasione damu."

Ikatoka yote. Alikuwa amekwisha kuliuza gari hilo kwa mtu wa Sengerema, kwa siri, na fedha ameila; kumwita Okomo kulikuwa kisingizio tu cha kulitoa gari nyumbani. Okomo alipoondoka, Elias akamsikia akizungumza na yule mtu kwenye simu, akasema anakwenda polisi. Mayala akampiga kichwani na spana ya magurudumu, akampeleka kwenye ghala la shemeji, kisha akalileta gari kivukoni limsubiri yule wa Sengerema avuke kulichukua.

"Ni mzima?" Modesta alipiga kelele. "Sema! Ni mzima?"

"Sikuangalia, dada. Niliogopa."

Ghala lilikuwa kando ya ziwa, mlango wa mabati. Askari walivunja kufuli. Modesta hakungoja, alipita katikati yao, akitapika huku anakwenda, akavuta gunia la kwanza, la pili. Chini yake alilala Elias, mikono imefungwa kwa kamba ya nyavu, damu imekauka shingoni. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka.

Modesta alimgusa begani. Elias alijikunja, akakificha kichwa bila kufumbua macho.

"Mayala, kaka yangu," alisema kwa sauti iliyokauka, "gari chukua. Nina mtoto anakuja. Niache nimwone tu."