Nyayo Kwenye Jivu la Sabina

Kila jioni Sabina Lavelle alifukia makaa ya udongo wa kinamasi, kuni za huko, kwa jivu na kulisawazisha, kama wafanyavyo wanawake wote wa Achill, kisiwa cha Ireland, ili moto ulale bila kuzimika. Asubuhi moja ya Novemba alikuta unyayo katika jivu lile: wa mguu peku, wa kushoto, usio na kidole cha mwisho, umeelekea ndani.

Bintiye Delia alikatwa kidole hicho na jembe utotoni. Naye Delia alikuwa Boston, Amerika, mtumishi wa nyumbani.

Wiki hiyohiyo Mwalimu Padden alimsomea Sabina barua ya Delia. "'Mama, nachoka bila sababu. Nikisinzia nakiona kiti changu kando ya moto wako. Nikiamka nanuka moshi.'"

Sabina akamwendea Kate Ruane, mganga wa mitishamba, akamweleza yote.

"Kule anafagia kwa matajiri, huku anakuja kukuchafulia," Kate alisema, asicheke. "Shoga, usiku wa kumuaga ulimlilia vipi?"

"Kama tunavyowalilia wote waendao Amerika."

"Wote tunawalilia kilio cha maiti, maana hawarudi, kisha tunanyamaza. Wewe ulisimama mlangoni ukamwita jina, arudi. Nilikusikia. Aliyekwisha kuliliwa haitwi. Roho husikia ikaja. Mwili hauna nauli."

"Nifanyeje?"

"Akija, fungua mlango, mwambie hapa si kwake tena. Usipomfukuza, atakaa huku, na kule atakwisha."

Jioni ile Sabina alisimama ameshika komeo, mlango wazi, upepo ukivuma, na harufu ya sabuni ya kufulia ikapita ubavuni pake kuelekea motoni, kiti kikatoa mlio wake wa zamani, jivu likadidimia taratibu, kidole baada ya kidole, hadi pale palipokosa kidole, kisha kikasikika kikohozi kidogo alichokijua tangu utoto wa Delia.

"Mama, baridi."

Maneno ya Kate yalikuwa mdomoni. Sabina akafunga mlango.

"Sogea motoni, mwanangu."

Kabla ya Krismasi ilifika barua yenye mwandiko wa mgeni. Mwalimu aliisoma kimya kwanza, akavua kofia.

"Soma, Mwalimu."

"'Alifariki usingizini. Tulipomwosha, nyayo zake zilikuwa na jivu lenye harufu ya udongo wa kinamasi, ilhali nyumba hii huwasha makaa ya mawe tu.'"

Kando ya moto kiti kikatoa mlio. Mwalimu aligeuka, hakuona mtu.

"Punguza sauti, Mwalimu," Sabina alinong'ona. "Hajaambiwa."