Neno Moja Kabla ya Jumamosi

"Huyu usimuulize," Majidi alimwambia mama lishe. "Mletee samaki, mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo. Mimi ndiye ninayejua anachokula."

Maua alikuwa ameshafungua mdomo aseme anataka dagaa. Akaufunga.

"Kwani shemeji mwenyewe hana ulimi?" Mama lishe alicheka, mwiko mkononi. "Nyie Wanyamwezi bwana! Babu zenu walitembea na mizigo kichwani kutoka Tabora mpaka hapa Ujiji, leo mnashindwa kubeba hata neno moja."

Majidi alicheka mpaka mafuta yakamchuruzika kidevuni. Akatoa simu, akapiga picha ya sahani, ya ziwa, kisha akaigeuza kwa Maua.

"Tabasamu, Mwalimu. Hii inaenda status."

Maua akatabasamu. Ungewakuta mezani pale ungeapa kwamba ni maharusi wako fungate. Kumbe wale walikuwa watu walioachana.

Miezi mitatu nyuma, Majidi, muuza asali mwenye duka lake sokoni Tabora, aliletewa umbea na rafiki yake Yahaya kwamba mkewe kaonekana mtaa wa Isevya, amepanda pikipiki ya mwanaume mchana kweupe. Hakumuuliza. Alichukua simu akaandika: "Maua, nimekuacha talaka moja. Nenda kwa mama yako."

Kufika magharibi ukweli ukajulikana. Pikipiki ilikuwa bodaboda, na mgongoni kwa dereva alikuwepo mtoto wa darasa la pili aliyeanguka kwa homa, Mwalimu Maua amempakata akimkimbiza hospitali. Majidi alilia. Aliomba radhi kwa mama mkwe, akaomba kwa baba mdogo wa Maua, akaomba mpaka kwa majirani. Ila kumrejea mkewe, hakumrejea.

Na kurejea kwenyewe hakukuwa na kazi. Talaka moja mlango wake hauwi umefungwa; mwanamke akiwa bado ndani ya eda, muda wa kungoja baada ya talaka, mume anatamka tu, "nimekurejea," na ndoa inasimama palepale ilipoanguka. Neno moja. Maua alilisubiri mwezi wa kwanza, akalisubiri wa pili.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, Majidi akatokea Gongoni kwa mama mkwe na tiketi mbili za treni ya Kigoma.

"Shikamoo mama. Nampeleka Maua akapumzike. Siku nne tu."

"Marahaba. Tangu lini mwenye eda akatembezwa kama mtalii?"

"Mama, ni mke wangu bado. Na tutachukua vyumba viwili, kila mtu na chake."

Mama alimtazama binti yake, akaona jinsi macho yalivyomtoka. Mzazi naye alilitaka lile neno. Akaruhusu.

Basi wakatembea. Walikula mikate ya moto Mwanga, wakapita vichochoro vya Ujiji Majidi akisimulia habari za misafara ya zamani kama aliyekuwepo. Jumatano mchana walikuwa Kibirizi, dagaa wameanikwa mchangani mpaka macho yanaishia. Majidi alikunja suruali akaingia majini, akamrushia Maua maji. Maua akacheka kweli, kicheko cha zamani. Hapo akaona heri ajaribu.

"Majidi, siku zinakwisha."

"Najua. Nimeweka kwenye kalenda ya simu."

"Huna neno la kuniambia?"

Majidi akamkonyeza. "Subiri Jumamosi."

"Jumamosi kuna nini?"

"Mwalimu mzima huna subira? Haraka haraka haina baraka."

Na ngoja ngoja huumiza matumbo, Maua alitaka kumjibu. Angeweza kumwambia wazi kwamba hesabu ya eda haikai kwenye simu. Lakini mwanamke gani mwenye haya zake atamwambia aliyemwacha, fanya haraka unirudie? Alitaka neno litoke lenyewe, lisivutwe kama jino.

Alhamisi alfajiri aliingia bafuni kutia udhu. Hakutia. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akampigia mama yake.

"Mama."

"Mbona sauti hiyo?"

"Nimeziona siku zangu."

"Za tatu?"

"Za tatu."

"Kashasema neno?"

"Bado."

"Inna lillahi." Mama alivuta pumzi. "Jifunike vizuri, mwanangu. Huyo si mumeo tena."

Walikuwa wamepanga kunywa chai ufukweni Bangwe. Maua alikuja kajitanda mtandio mpaka kidevuni, akavuta kiti mbali. Majidi akanyoosha mkono amshike.

"Usinishike."

"Nimekosa nini tena?"

"Eda yangu imekwisha. Leo alfajiri."

Majidi alicheka. Aliitoa simu akamsogezea usoni. "Bado siku mbili. Ona. Miezi mitatu inatimia Jumamosi."

"Miezi ni ya mwanamke aliyekoma hedhi. Mimi nahesabu twahara tatu, siku za usafi baina ya hedhi, Majidi. Ya tatu imekwisha nilipoziona siku zangu."

Kicheko kilimkauka. Aliinuka ghafla, kikombe kikaenda chini.

"Nimekurejea! Maua, nimekurejea! Nimekurejea!"

Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu wakageuka. Maua machozi yalimtoka, hakuyazuia.

"Umechelewa."

"Masaa mawili tu!"

"Hata ingekuwa dakika."

Majidi aliketi, akashika kichwa. Ndipo akayatapika yote aliyokuwa ameficha. Dada yake Najiat alikuwa ameagiza keki. Yahaya kaita watu. Jumamosi asubuhi, treni ikiingia Tabora, neno lingetamkwa palepale stesheni.

"Nilikuacha kwa meseji kama mhuni," alisema. "Nikataka nikurudie mbele ya watu, kwa heshima."

"Ungeniuliza, ningekwambia kwamba mimi ningetosheka hata jikoni kwa mama, nakuna nazi."

Majidi akainama, akapunguza sauti.

"Nani anajua?"

"Anajua mama."

"Mama yako anataka ndoa yako. Sema ulikosea kuhesabu. Kauli ya eda ni ya mwanamke, Maua. Ukisema bado, hakuna shekhe wa kukupinga."

Hapo ndipo palipomchoma, maana ilikuwa kweli. Uongo mdogo tu, wa sentensi moja, na kesho kutwa angelala nyumbani kwake Ng'ambo, kwenye kitanda chake, kwa mtu anayempenda. Na alikuwa anampenda, hilo asilifiche mtu. Alimtazama mikono yake yenye makovu ya nyuki wa Sikonge, akaitamani.

"Nikidanganya, kila nitakapolala na wewe itakuwa zinaa," alisema. "Wewe utasahau. Mimi sitasahau."

"Basi nifanyeje? Niambie."

"Piga simu, sherehe ifutwe. Tukifika, mtume mshenga kwa baba mdogo, uniombe upya kama mwanaume yeyote. Huenda nikakubali."

"Huenda?"

"Huenda."

"Nakuahidi."

Ijumaa jioni walipanda treni, Maua chumba cha wanawake, Majidi behewa jingine. Hata hawajafika mbali, ujumbe ukaingia: "Nimeshawaambia wote. Hakuna sherehe. Usiwe na wasiwasi mpenzi wangu." Maua aliusoma mara mbili. Usiku ule alilala fofofo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya talaka.

Ngoma ndiyo iliyomwamsha.

Alidhani anaota. Alichungulia dirishani, stesheni ya Tabora hiyo, na jukwaa zima limejaa. Najiat amebeba keki kama amebeba mtoto mchanga. Yahaya yuko mbele, simu juu. Pembeni kabisa, kajishika shavu, alisimama mama yake Maua.

Majidi alikuwa ameshashuka. Maua alimwona akipunga mikono kama anawatuliza, na moyo ukampoa kidogo. Labda hawakumwelewa kwenye simu. Labda anawaambia sasa hivi.

"Mwanangu, toa neno!" Yahaya alipiga kelele. "Tuko laivu, Dar wanakuona!"

"Kaka, sema basi, mikono inaniuma na keki!" Najiat naye.

Majidi aliitazama keki, majina yao mawili juu yake. Akawatazama watu. Mwisho akamtazama Maua aliyekuwa ndiyo kwanza anakanyaga chini na begi lake.

"Mbele yenu nyote," alisema, "mke wangu Maua, nimemrejea!"

Vigelegele vilipasua anga. Ngoma ikachachamaa. Wanawake wakamzunguka Maua, huyu kamvisha ua, yule kamkumbatia. Majidi akapenya mpaka alipo.

"Tabasamu, Mwalimu," alimnong'oneza. "Tutayamaliza nyumbani."

"Uliniandikia umewaambia."

"Nilishindwa. Tafadhali, Maua. Usiniaibishe."

Maua aliweka begi chini. Kama angenyamaza, mambo yangekwisha. Wangekata keki, wangeenda Ng'ambo, na mama yake angekufa na siri yake. Alipaza sauti, ileile anayoitumia darasa likipiga kelele.

"Naombeni mnisikilize!"

Ngoma ikanyamaza.

"Eda yangu iliisha Alhamisi, tukiwa Kigoma. Mimi si mke wa Majidi. Na Majidi anajua, kwa sababu nilimwambia, akaniomba niwadanganye."

Kigelegele kimoja kilichochelewa kikakatikia njiani. Yahaya akaishusha simu taratibu.

"Kaka," Najiat alisema, "ni kweli?"

Majidi aliinamisha uso.

"Kaka, nimekuuliza."

Akaitikia kwa kichwa.

"Niliona aibu, Maua," alisema. "Watu wote hawa... niliona aibu."

"Na mimi ulitaka niishi na nini?"

Mama yake alikuja akajitwika begi kichwani, akamshika binti yake mkono. Hakuna aliyewazuia. Waliondoka kwa miguu mpaka Gongoni.

Simu ya Maua haikupumzika wiki mbili. "Nisamehe." "Nimekula yamini sitarudia." "Nimegombana na Yahaya." "Nakupenda Maua, hata usiponijibu." Hakujibu, na hakufuta ujumbe hata mmoja.

Wiki ya tatu, Majidi akafanya kama alivyoelekezwa tangu mwanzo. Alimtuma mshenga, kisha akaja mwenyewe baada ya sala ya Ijumaa, kanzu imenyooshwa, akakaa kwenye jamvi mbele ya baba mdogo Sabiri na shekhe wa mtaa. Maua alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Alisikia kila kitu.

"Nilimwacha bila kumuuliza," Majidi alisema. "Nikamsafirisha bila kumuuliza. Halafu nikamdanganya. Hakuna aliyenishauri, ni mimi. Nimekuja kumuomba, na jibu atakalotoa nitalipokea."

Yalikuwa maneno mazuri, na Maua alijua yanatoka moyoni. Miaka sita iliyopita, alipoposwa mara ya kwanza, baba mdogo alimuuliza kama amekubali, akainama tu kwa haya, na kimya cha mwanamwali kikahesabiwa ndiyo. Lakini aliyewahi kuolewa kimya chake si jibu. Sharti atamke kwa mdomo wake.

Baba mdogo akasogea kwenye pazia.

"Maua, mwanangu. Majidi anakuposa. Amekiri makosa yake mbele yetu. Unamkubali?"

Sebuleni Majidi alikohoa. Maua alikijua kikohozi kile, cha mtu aliyebanwa na hofu. Alitamani atoke akamletee maji.

"Simkubali, baba."

"Umefikiri vizuri?"

"Nimefikiri."

Akasikia Majidi akiaga kwa adabu, akisema asante, akivaa viatu mlangoni. Mama yake alipoingia alimkuta kajikunja kitandani, mabega yanamtikisika.

"Sasa unalia nini, na jibu umelitoa mwenyewe?"

"Nampenda, mama. Ila simwamini tena."

Mama akageukia dirishani. "Nimwite? Hajafika hata barabarani."

Maua aliinuka, akajifuta uso kwa khanga.

"Usimwite."