Mkunjo wa Bweni

Kioo cha dirisha kilivunjwa kutoka nje, na vipande vyake vilitapakaa kwenye sakafu ya stoo. Kabati la chuma lilikuwa limefunikwa shuka kuukuu la kuzuia vumbi. Inspekta alilinyanyua upande mmoja kwa ncha ya kalamu. Kufuli lilikuwa limeng'olewa, na kwenye droo ya chini palikuwa na pengo.

"Jalada moja tu?"

"Moja tu, afande," alijibu mtunza kumbukumbu. "La mama yake huyu."

Alimwelekezea kidevu mwanamke aliyesimama mlangoni, utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni. Alikuwa mshonaji, na macho yake yalikuwa mekundu kwa hasira zaidi kuliko kwa kilio.

Jengo hilo zamani lilikuwa shule ya bweni ya hisani. Shule ilikwishafungwa, vyumba vikapangishwa kuwa ofisi, na stoo ya kumbukumbu ikabaki kwa sababu hakuna aliyetaka kulipia gari la kuihamisha. Ukutani bado ilikuwepo picha ya wafadhili wameketi vitini, watoto walionyolewa vichwa wamepangwa miguuni pao. Wafadhili walikuwa wanatabasamu. Katika watoto hakuna aliyetabasamu hata mmoja.

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi ambaye kituoni walimwita Msumari, kwa kuwa akishaingia mahali, kumtoa kunataka koleo.

"Nieleze," alimwambia mshonaji.

"Mama yangu aliletwa hapa akiwa hajui hata kufunga kifungo. Akaambiwa aliokotwa. Kila alipouliza kwao ni wapi, aliambiwa ashukuru anapata uji. Sasa moyo wake umechoka, daktari hanifichi. Anataka jibu la swali moja kabla hajafumba macho. Alipotea, au alitupwa?"

"Uliomba jalada lini?"

"Tangu mwaka juzi. Mara fomu haionekani, mara kamati haijakaa. Jana ndiyo nikaambiwa nije leo. Nimefunga cherehani, nimekuja, nakuta haya."

Inspekta alimgeukia mtunza kumbukumbu. Mtu huyu kutunza alitunza, ila kukumbuka hakukuwa kazi yake.

"Nani alijua jalada lingefunguliwa leo?"

"Mimi. Na kamati."

"Kamati ni akina nani?"

Mtunza kumbukumbu alikohoa. "Siku hizi ni Mwenyekiti wa wanafunzi wa zamani, afande. Wengine wamekufa, na waliobaki hawaji."

"Shuka hili ulitandika wewe?"

"Mimi? Mimi huwa nalitupia tu. Nimelikuta hivyo."

Inspekta aliliinamia tena. Ncha za shuka zilikuwa zimechomekwa chini ya kabati, zimenyooshwa bila kunyanzi, na upande wa mbele kona moja ilitokezwa nje ikafanya pembetatu ndogo. Aliamuru ipigwe picha.

Koplo wake alikuwa akipaka unga wa kuchukulia alama za vidole. "Zipo ndani ya droo, afande, tena safi. Na kioo kina damu."

"Sampuli ya damu iende maabara."

"Lakini mwizi gani huyu," Koplo alisema, "anavunja dirisha halafu anatandika?"

"Mwizi aliyelelewa," alijibu Inspekta.

Mama wa yule mshonaji aliishi chumba cha nyuma ya duka la ushonaji. Inspekta alipobisha hodi, mgonjwa alikataa kabisa mgeni akae kabla kitanda hakijatandikwa. Binti yake alimzuia, hakusikia. Alishuka, akishika ukuta, akavuta shuka, akachomeka ncha, akatokeza kona moja upande wa mbele. Kisha akaketi, pumzi zikimwendea mbio.

Inspekta aliitazama ile pembetatu.

"Mama, huo mkunjo umejifunza wapi?"

"Si kule shuleni! Tuliuita sikio. Sikio lako likilegea, unachapwa, na uji hunywi. Nimejaribu kuuacha, mwanangu. Mikono haitaki."

"Wote mlifundishwa hivyo?"

"Wote, wa kike kwa wa kiume. Ukimwona mtu anatandika hivi, huyo ni wa kwetu."

"Ulikuwa na ndugu mle?"

Mama alicheka kicheko kikavu. "Ningejuaje? Ndugu walitenganishwa siku ile ile. Huyu bweni hili, yule bweni lile, na kila mmoja jina jipya, ili tusing'ang'anie ya nyumbani. Ndugu yangu angelala kitanda cha pili na nisingemjua."

Inspekta alitoka mle chumbani ameuma meno. Watu walimnyang'anya mtoto jina lake, nyumba yake na ndugu zake, halafu wakamdai shukrani! Na hao ndio waliowekewa picha ukutani.

Mwenyekiti aliwapokea ofisini kwake, chumba kilichojaa ngao za heshima. Alikuwa mwanasheria mstaafu, suti imenyooka, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Magazeti yalipenda kumwandika kama yatima aliyefika juu. Kidole chake cha shahada kilikuwa na plasta.

"Binti yangu, shule ile ilinitoa jalalani," alisema. "Wizi huu umeniuma sana."

"Kidole nacho kimeumwa na nini, mzee?"

"Nilikuwa namenya chungwa."

"Umewahi kuingia ile stoo?"

"Sijakanyaga mle tangu shule ifungwe."

"Tangu shule ifungwe?"

"Nimesema."

"Andika hivyo, Koplo. Mzee, twende kituoni tuchukue alama zako za vidole. Kama hukuingia, zitakutetea zenyewe."

Mwanasheria mwenye kusifiwa na magazeti hawezi kukataa jambo kama hilo mbele ya karani wake aliyekuwa akisikiliza mlangoni. Alichukua fimbo yake, akaenda.

Kituoni, baada ya alama kuchukuliwa, aliwekwa katika chumba cha mahojiano. Kwenye benchi Inspekta alikuwa ametupa shuka, limejikunja ovyo kama tambara la kupigia deki. Alimwacha mzee pale, akaenda kusubiri majibu ya wataalamu wa alama za vidole.

Aliporudi, shuka lilikuwa limetandikwa. Kunyanzi hakuna, na mbele limetoa sikio.

"Nani ametandika?"

Mwenyekiti alilitazama shuka, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Mazoea tu, binti yangu."

"Hata kabati ulilitandika kwa mazoea. Na alama za ndani ya droo ni zako. Umesema hujakanyaga mle. Damu nayo iko maabara. Tuisubiri?"

Ile sauti ya mzee iliyozoea kusikilizwa sasa haikuwa na nguvu.

"Usisubiri."

"Jalada liko wapi?"

"Nimelichoma."

"Lilikukosea nini?"

"Yule mama ni mdogo wangu. Baba mmoja, tumbo moja."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta alimgongea meza aendelee.

"Mama yetu alipofariki, baba alitupeleka pale, akaenda kazi ya mkataba, mbali. Aliweka dole gumba kwenye karatasi kwamba atarudi kutuchukua. Ndiyo iliyokuwa mle jaladani."

"Akarudi?"

"Alirudi. Mimi nilikuwa kiranja wa lango, na nilishachaguliwa kupelekwa ng'ambo kusoma. Wafadhili walisomesha yatima. Mwenye baba hawakumtaka."

"Ukamwambia nini baba yako?"

"Kwamba aondoke, asinivurugie. Akasema sawa, mwanangu, wewe soma. Nipe mdogo wako nirudi naye nyumbani." Mzee alijifuta uso. "Huyo angetoka na baba, na mimi ningejulikana nina baba. Nikasema amekufa kwa homa."

"Akaamini?"

"Akaomba nimwonyeshe kaburi."

Inspekta alihisi viganja vikimwasha. Aliviweka chini ya meza.

"Ukamwonyesha?"

"Nyuma ya jiko palikuwa na makaburi ya watoto. Nikamwonyesha mojawapo. Akawa anakuja kila mwaka na jembe lake, analipalilia. Hata nilipokuwa ng'ambo alikuja. Mpaka alipokufa."

"Wakubwa wa shule hawakujua?"

"Mkuu wa shule alijua. Alisema mtoto mmoja akifika mbali ni bora kuliko wawili wanaorudi kulima. Picha yangu iliwaletea misaada."

"Na hiyo wakaiita hisani!" Inspekta alisema. Hakujali tena kupunguza sauti. "Mzee, ulikuwa mwanasheria maisha yako yote. Ulijua mdogo wako yuko hai. Ulijua duka liliko. Barua za binti yake zilipita mezani kwako ukazikalia. Kwa nini?"

"Nilikuwa mtoto, binti yangu. Mtoto aliyeogopa."

"Jana ulikuwa mtoto? Ulipovunja dirisha?"

Mwenyekiti aliomba maji. Koplo alimletea, mzee akanywa, akatia sahihi maelezo yake.

Inspekta angeweza kumwagiza mtu, lakini alikwenda mwenyewe. Alikaa pembeni ya kitanda, akamweleza mama yote bila kupunguza. Mshonaji alisimama nyuma yao akiuma kipande cha kitambaa.

"Kwa hiyo sikutupwa," mama alisema mwishowe.

"Hukutupwa, mama. Ulitafutwa."

Mama alipapasa ukingo wa shuka.

"Mwenye jembe namjua. Tulikuwa tunamchungulia kutoka jikoni, tunamcheka. Siku moja nilitumwa nimpelekee maji. Aliyanywa yote, akaniuliza naitwa nani. Nikamtajia jina lile walilonipa wao." Alivuta pumzi. "Akasema, asante, mwanangu. Akaendelea kupalilia."

Mshonaji aliufunika uso wake na kile kitambaa.

"Kaka yako anaomba kuletwa hapa," Inspekta alisema taratibu. "Anataka kukuomba radhi. Anasema yuko tayari hata leo."

Mama alijiinua akaegemea ukuta, na macho yake yalikuwa makavu.

"Mwambie mimi siko tayari. Huku chumbani akinililia, nani atamwona? Mpelekeni kwanza mahakamani, asimame mbele ya watu, aseme kwa kinywa chake kwamba tulikuwa na baba."