Fundi Aomba Chuo Mara ya Pili

Fundi alikuwa mshonaji katika karakana ya shangazi yake. Kila asubuhi alifungua milango, akafagia nyuzi na kutia cherehani mafuta kabla wenzake watatu hawajafika. Kushona alikujua barabara. Kuongoza kazi ndiko kulikomtoa jasho.

Macho ya Shangazi yalikuwa yamechoka. Alikuwa amesema wazi: "Mwakani napumzika. Kama hakuna aliyesomea kuendesha karakana, naifunga."

Mwaka uliopita Fundi aliomba nafasi katika chuo cha biashara. Akakataliwa. Barua ya mistari mitatu aliificha chini ya vitambaa. Aliona haya.

Sasa maombi yamefunguliwa tena. Jumamosi mchana alikuwa akijaza fomu juu ya meza ya kukatia. Jirani yake, karani wa usajili katika chuo cha ualimu, alikuja kuchukua sketi. Akachungulia.

"Wanauliza kama uliwahi kuomba. Mbona umejibu hapana, na mwaka jana nilikuona ukiomba?"

"Wakijua walinikataa, si watanikataa tena?"

"Nani kakudanganya? Jina lako limo kwenye kumbukumbu zao. Ukificha, umejimaliza mwenyewe. Na barua umeandikaje?"

"Ile ile ya mwaka jana. Nimebadilisha tarehe."

Karani akacheka. "Basi na wao kwenye jibu watabadilisha tarehe."

Fundi naye akacheka, ingawa ilimuuma.

"Sikiliza, jirani," Karani akasema. "Kukosa mara moja si mwisho. Nenda ofisi ya udahili, uliza kwa adabu ulipungukiwa wapi. Rekebisha hapo. Kisha sema kweli: niliomba, nikakosa, na tangu siku ile nimefanya hiki na hiki."

Jumatatu Fundi akapiga moyo konde, akaenda. Ofisa alifungua jalada lake.

"Hesabu zako zilikuwa dhaifu. Barua ilisema unapenda biashara tangu utotoni, lakini haikusema unafanya kazi gani. Bado una miezi minne kabla hatujafunga maombi."

Fundi akajiandikisha darasa la hesabu la jioni. Akafaulu.

Karakanani kila mshonaji alikuwa akishona nguo nzima peke yake, na sare za shule zilichelewa kila muhula. Fundi akaomba ajaribu mpango mwingine: mmoja akate, mmoja aunge, mmoja ashughulikie kola na vifungo. Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Kola kumi zilishonwa ndani nje. Shangazi aliguna tu. Mwezi wa pili sare zikawa tayari siku mbili kabla.

Fundi akaandika barua mpya. Aliyaandika yote, hata zile kola. Kwenye fomu akajibu ndiyo.

Siku ya usaili mwalimu mmoja alimuuliza, "Tulikukataa. Mbona umerudi?"

"Mliniambia nilipopungukiwa, nikarekebisha. Na kazi yangu bado inahitaji mtu aliyesoma."

Baada ya wiki tatu jibu likaja. Amekubaliwa. Fundi alifurahi mno. Akamsomea Shangazi barua yote.

Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Vipindi vinaanza saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni. Ni miaka miwili, Shangazi."

"Basi saa kumi uwe umeshatoka hapa. Hiyo miaka miwili nitaishika karakana mwenyewe."